Gololi ya Vaileth na Mlima wa Chumvi

Vaileth wa Magomeni, pale Kilosa, alisoma kemia chuo kikuu, akarudi kutengeneza sabuni ya maji na mama yake mdogo, Regina. Wenyewe husema wanapika, lakini moto hakuna. Ni ndoo, mwiko na mkono usiochoka.

Mteja wao mkubwa alikuwa nyumba moja ya wageni, Mikumi. Siku moja Thadeo, mtunza stoo wake, akawarudishia madumu.

"Dada, hii sabuni au uji wa mgonjwa? Ikija hivi tena, tutatafuta wengine."

"Ongeza chumvi," Regina akasema. Ndivyo wafanyavyo wapika sabuni wote. Vaileth akaongeza. Sabuni ikazidi kuwa nyepesi.

Hapo akakaza kibwebwe. Alijua chembe ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao, kwa hiyo chembe hukusanyika makundi, mikia ndani. Chumvi huyarefusha makundi hayo yakasokotana kama tambi, sabuni ikawa nzito. Ikipita kiasi, yanaachiana. Mwendo huo akauandikia mlinganyo, na mchoro wake ukatoka kama mlima: kupanda, kilele, kushuka. Kisha akapima kwa gololi ndani ya glasi ya sabuni. Mlinganyo ulisema itazama taratibu. Gololi ikaenda chini tubwi!

Regina akacheka. "Hesabu zimekudanganya, mwanangu."

"Hazidanganyi, mama mdogo. Kuna kitu sijaziambia."

Akafuta, akaandika, akafuta tena. Majirani wakamwita mwalimu wa gololi, hakuinua kichwa.

Asubuhi moja Regina akatema chai. "Tangu mvua zikatike tukarudi kisimani, chai ina chumvi kama mchuzi!"

Vaileth akatua kikombe. Mlinganyo wake ulianzia kwenye maji ya mvua, yasiyo na chumvi. Haya ya kisima yalikuwa yameshaupanda mlima kabla hajatia kitu, naye kila akiongeza anajisukuma ng'ambo. Akasogeza mwanzo wa hesabu, akakokotoa upya.

Regina akachungulia kipimo kipya, chumvi kiduchu. "Hiyo ni ya ndoo au ya mboga?"

"Ya ndoo, mama. Koroga."

Safari hii gololi ilishuka kwa madaha, kama bibi harusi anayejua anatazamwa.

Kule Mikumi, Thadeo aliinamisha chupa, akangoja. Sabuni ikajivuta polepole mpaka mdomoni.

"Shusheni madumu," akasema. "Ila masika nayo iwe hivi hivi."

"Itakuwa," Vaileth akajibu. Gololi alikuwa nayo mfukoni.