Nyota ya Uzi wa Magunia

Msiniambie mama mukwe wangu alikuwa na moyo mweupe. Kwenye matanga yake wanawake wa parokia walisimama mmoja mmoja wakilia kwamba mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Mikono, ndiyo, sikatai. Kalemie nzima hapakuwa na mwanamke aliyefuma kroshe kama yeye. Lakini moyo? Niliishi naye kampi ya reli miaka mingi, mlango wake unatazama mlango wangu, na najua kilichokuwa ndani ya moyo ule. Pale matangani nilikaa kwenye mkeka nikanyamaza, kwa sababu wafu wana heshima yao. Sasa ameshazikwa, basi nitasema.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa inaitwa Zaire, na serikali ilikuwa imeshasema Noeli ni siku ya kazi kama nyingine. Waume zetu walienda reli na bandarini, sisi wanawake tukaenda kanisani na watoto. Labda ndiyo maana tuliung'ang'ania ule mti wa Noeli wa kanisani. Ulishuka kutoka Pepa, kule juu kwenye baridi, ndani ya motokari kubwa ya ng'ombe, ukafika unanuka mavi, tukaumwagia maji ndoo kwa ndoo. Mipira ya kung'aa ya dukani hatukuwa nayo. Tulikuwa na nyota za kroshe, nyeupe, moja kwa kila mtoto aliyebatizwa.

Na nyota hazikufumwa ovyo. Desturi ya parokia yetu ilikuwa kwamba nyota ya mtoto inafumwa na mama wa baba yake. Si mama mzazi, si shangazi, si bibi wa upande wa mama. Akishamaliza anampa mkwe wake ikiwa laini, imelegea kama mboga iliyochemshwa, na mkwe ndiye anayeitia amido, wanga wa muhogo uliopikwa na maji, anaivuta pembe zake juu ya ubao mpaka ikauke na kusimama. Mmoja anafuma, mwingine anakausha. Nyota ikishaning'inia, parokia nzima inajua ukoo wa baba umempokea mtoto. Isipokuwepo, wanajua pia.

Nyota zilitunzwa ndani ya kopo la maziwa. Kila mkesha wa Noeli mtoto anaitwa mbele, anapewa ya kwake, anaitundika mwenyewe, watu wanapiga makofi. Hivyo hivyo mpaka anapopata komunyo ya kwanza.

Mtoto wangu wa kwanza, msichana, alizaliwa miezi saba baada ya ndoa. Mama mukwe alikuja kunitazama nimelala na mtoto ubavuni. Hakusema pole, hakusema asante. Alifunua kitenge, akashika mkono wa mtoto, akasogeza uso karibu.

"Mutoto wa miezi saba hana makucha," alisema. "Huyu iko na makucha."

Akamfunika, akaenda zake. Mtoto wa watu amekaguliwa kama ndama! Lakini yeye alizaliwa Pepa, kwenye ng'ombe, sijui nilitegemea nini.

Haki ya Mungu, mtoto alikuwa na makucha kwa sababu alikuwa ametimia. Mume wangu alikuwa akipitia dirisha la jikoni kwetu kabla baba yangu hajapokea hata mbuzi mmoja wa mahari. Yeye ndiye aliyegonga, mimi ndiye niliyefungua, na sioni haya kusema. Ila yeye alikuwa anaimba kwaya, anasimama mstari wa mbele, na mama yake ndiye alikuwa mkubwa wa wanawake wa parokia, mwenye kusema nani anafagia kanisa na nani anashika kopo la nyota. Kila nilipomwambia, "Nenda umuambie mama yako ukweli," alinijibu, "Muache tu, atachoka."

Achoke! Yule mwanamke hakuchoka hata siku moja. Mwanaume mzima, anabeba vyuma vya treni begani, anamwogopa mama mwenye urefu wa mwiko. Nilimchukia siku zile, mume wangu. Nilimpikia, nilimfulia, na nilimchukia.

Maneno yalitoka kwa mama mukwe, yakazunguka kampi, yakanirudia kisimani. "Watu wa Ankoro ni watu wa mutoni," alisema, maana mimi kwetu ni Ankoro. "Mutumbwi wao unafungwa kila mahali." Jirani yangu, mama mmoja aliyeolewa kutoka Kigoma, alinikuta nalia nikisugua sufuria mpaka mikono inatoka damu. "Mama, acha kulia," aliniambia. "Kitanda hakizai haramu. Mtoto wa ndani ya ndoa ni wa ndoa, imekwisha." Nikamwambia aende akamwambie yule wa ng'ambo ya njia. Akacheka, hakwenda. Nani angekwenda?

Noeli ya kwanza ya mtoto ikakaribia. Mama mukwe alikaa mlangoni kwake akifumia wajukuu wa binamu, wajukuu wa watu asiowajua vizuri, mradi wana bibi mgonjwa au bibi aliyekufa, maana mkubwa wa wanawake ndiye anayeshika nafasi yake. Wa kwangu, hapana. Basi nikasema, haya, nitafuma mwenyewe. Jirani aliniazima sindano yake ya kroshe, iliyochongwa kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Uzi nilichomoa kwenye magunia ya unga, kama tulivyofanya wote, ile kamba nyembamba ya pamba inayoshona mdomo wa gunia. Nilifuma, nikakosea, nikafumua, nikafuma tena. Nyota ikatoka ina pembe moja ndefu kuliko nyingine. Nikaipenda hivyo hivyo.

Nilitaka isimame kuliko nyota zote. Kwa mwenye duka nilikuwa nimeona vitambaa vya mezani vilivyokauka ngumu kama sahani, na mke wake alikuwa ameniambia siri: sukari. Sukari yenyewe ilikuwa ya kutafutwa, nyumbani tulikuwa tunakunywa chai chungu. Niliyoipata nikaimwaga yote ndani ya amido. Nyota ikakauka, ukiigonga na ukucha inalia. Siku ya mkesha nikaenda mapema, nikaitundika mwenyewe kabla wengine hawajafika.

Asubuhi ya Noeli tuliingia kanisani, na sisimizi walikuwa wameshaingia mbele yetu. Walitoka chini ya mlango, wakapanda shina la mti, mstari mmoja mweusi mpaka kwenye nyota yangu. Walikuwa wameifunika yote. Na wakishaipata ile, wakatembelea za jirani, maana amido nayo ni chakula. Wanawake walipiga kelele, wakang'uta nyota za watoto wao, wakakanyaga chini. Mama mukwe alikuja polepole. Aliishika nyota yangu kwa vidole viwili, akaiinua juu ili hata wa nyuma waone.

"Muone," alisema. "Nyota ya kujifumia. Hata sisimizi wanajua haina mwenyewe."

Akafungua mlango akaitupa nje kwenye mvua. Watu walicheka. Mimi nilisimama na mtoto mgongoni, na mume wangu alikuwa kazini anatia mafuta mashine zake.

Baada ya hapo sikufuma tena. Mtoto akakua, akaanza kutembea, akaanza kuuliza. Kila Noeli alisimama karibu na mti na wenzake. Wanaitwa mmoja mmoja, wanapewa, wanatundika, makofi. Yeye alipiga makofi kuliko wote. Mara moja alinivuta kitenge: "Mama, ya kwangu wanaitoa lini?" Nikamwambia mwaka ujao. Mwaka ujao nikamwambia mwaka ujao. Wenzake walianza kumwita Bila-Nyota, akaitika, akidhani ni jina la kumpenda.

Ndipo nikazaa mtoto wa kiume, na uso wake ni wa baba yake mtupu, hata masikio. Ee, mngemuona mama mukwe! Alipiga vigelegele kutoka mlangoni mpaka barabarani. Alileta sabuni, alileta ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, alileta kuku. Wazee walisema ukipenda boga penda na ua lake. Yeye alitaka boga peke yake. Alimbeba yule mdogo huku mkubwa anamzunguka miguuni, na alimvuka kama mtu anavyovuka kuni. Akaanza kufuma mlangoni kwake, akielekea kwetu makusudi, uzi mweupe unacheza juu ya magoti. Aliukusanya muda mrefu sana, kwa sababu magunia yalikuwa haba na kila mwanamke aliyatafuta.

Jumapili moja baada ya misa alivuka njia akiwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Mume wangu alikuwa mezani anakula. Amido ilikuwa jikoni inachemka, nilikuwa nakausha kola za mashati yake. Mama mukwe alifungua kitambaa akaniwekea nyota mkononi, laini, haijakaushwa. Nasema ukweli: sijawahi kuona nzuri kama ile. Pembe nane, kila pembe ina ua dogo ndani yake.

"Ya mutoto wetu," alisema. "Itie amido vizuri."

Binti yangu alikuja akasimama mbele yake. Aliangalia nyota, akamwangalia yeye. Alimwita kama watoto wa kwetu wanavyomwita mzazi wa mzazi.

"Nkambo, na ya kwangu?"

"Uliza mama yako," alisema. "Yeye njo anajua umetoka wapi."

Mtoto aligeuka akaniuliza. Kweli aliniuliza, kwa sauti nzuri, kama alivyotumwa: "Mama, nimetoka wapi?"

Niligeuza ile nyota nikatafuta mwisho wa uzi. Kila aliyefuma kroshe anajua: kazi yote imefungwa na fundo moja, la mwisho. Nikalikata kwa meno, nikavuta.

Inatoka upesi, ninyi. Pembe ya kwanza ikaisha kabla mama mukwe hajaelewa ninafanya nini. Uzi ulikimbia, vitanzi vinaachiana kimoja kimoja, maua yanafumuka, mimi navuta na kuzungushia mkononi.

"Yo! Yo! Unaharibu nyota ya mutoto wako mwenyewe!" Alinirukia. Nikampa bega, nikaendelea kuvuta. "We Papa, kamata muke yako!" alimlilia mwanawe. "Muke yako amepata wazimu!"

Mume wangu alisimama, tonge bado liko mkononi.

"Nimetoka tumbo moja na hawa watoto wote wawili," nilimwambia mama mukwe, na kumbe nilisema kinyume, hasira ilinipindua ulimi, lakini hakuna aliyecheka. "Wana nyota wote, au hakuna mwenye nyota. Mjukuu wako wa kiume atasimama mbele ya mti mikono mitupu, na weye njo mukubwa wa kopo. Uwaambie watu kwa nini."

Kisha nikamgeukia mume wangu. "Na weye, sema. Leo. Usiposema leo, narudi Ankoro na watoto wote, na hutaona hata ukucha wao."

Aliweka tonge chini. Alipangusa vidole, kimoja kimoja, nikadhani atatoka nje kama kawaida yake.

"Mama," alisema, "huyu mutoto ni wangu. Nilikuwa napitia dirisha kwao. Mbele ya mahari."

Mama mukwe alikaa. Hapakuwa na kiti karibu, alikaa juu ya gunia la makaa, na kitenge chake cha misa.

"Miaka hii yote," alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuogopa."

Akamwangalia msichana, na sitasema alilia, hakulia. Alimshika mkono, akauleta karibu na uso kama ile siku ya kwanza, akaangalia vidole. Akaangalia masikio pia. Pole hakusema. Si siku ile, si siku nyingine mpaka tulipomzika.

Aliponigeukia, jicho lake kwangu lilikuwa lile lile. Alinyang'anya uzi mkononi mwangu, akautikisa kuona urefu wake.

"Uzi hautatosha nyota mbili," alisema.

"Fanya ndogo."

Alichomoa sindano kwenye kilemba, pale alipoiweka siku zote. Alifuma hapo hapo juu ya gunia la makaa, anavuta kila kitanzi kwa hasira mpaka kinabana. Binti yangu alipiga magoti mbele yake kushika uzi usiguse chini. Mume wangu alimaliza chakula chake kimekuwa baridi. Mimi nilisimama jikoni nikikoroga amido isishike.

Zilitoka nyota mbili ndogo, za kubana, hazina maua, zimeingia vumbi la makaa. Alikata uzi kwa meno, akanitupia zote mbili kifuani.

"Na sukari usitie," alisema.