Lori Lisilo na Injini

Shule niliiacha mapema, lakini lori nalijua. Nimepakia magogo Elburgon tangu meno yangu yakiwa yote, kwa hivyo mtu asinifundishe lori ni nini. Binti yangu alijaribu.

Alikuwa ameacha kazi ya kufunga maua kule Naivasha, vidole vimechubuka, akarudi nyumbani na kompyuta kuukuu. Eti anatengeneza gemu ya simu: lori la magogo linapanda mlima wa Mau. Kuna ofisi ya gemu Nakuru ilitaka kuiona. Wakiipenda, wanamwandika kazi. Wakiikataa, anarudi kwa maua.

Programu ya kuundia hilo lori ilikuwa ya bure. Haina mwenyewe, watu wa huku na huko wameiandika wakaiacha wazi, kila mtu achungulie ndani na arekebishe. Nikamwuliza, "Na ikiharibika unamshtaki nani?" Vya bure navijua. Bomba la mtaa wetu ni la bure, na hakuna anayelifunga, bata wa jirani wamenenepa hapo. Lakini wacha nirudi kwa lori.

Ndani ya hiyo programu unachukua donge zima, unalikata, unalitoboa, unabandika lingine. Na kwa vile alikua akicheza chini ya malori, aliunda yote: injini, springi, kila nati na bolti yake. Mtu wa Elburgon hawezi kuunda lori bila nati.

Akaiweka gemu kwa simu. Simu ikapata moto kama kiazi cha jivuni, ikaganda.

"Limekwama," nikamwambia. "Na matope hakuna."

"Ni uzito, Baba."

"Uzito gani? Hujapakia hata gogo!"

"Wa nati. Simu inachora kila pembe ya kila nati."

Nilicheka mpaka mama yake akanifukuza nje. Niliporudi alikuwa anafuta. Injini ikaenda, springi zikaenda, nati zote. Likabaki ganda, yai lililonyonywa na nyoka.

"Hilo ndilo utawapelekea?"

"Mchezaji haingii chini ya gari, Baba."

"Taniboi, msaidizi wa dereva, huingia. Lori likisimama mlimani, nani ataweka jiwe nyuma ya gurudumu? Wewe?"

Akageukia kompyuta, akaunda jiwe. Injini ametoa, jiwe ameweka! Nikaenda kulala na hasira zangu.

Nakuru nilimsindikiza, nione aibu yake kwa macho yangu. Wakubwa wa ofisi wakashika simu. Lori likapanda, likasimama, likaanza kurudi nyuma na magogo yote.

"Jiwe! Weka jiwe!" mmoja akapiga kelele.

"Nipe, boss, wewe hujui!"

Watu wazima, viatu vinang'aa, wananyang'anyana simu. Binti yangu akaandikwa kazi hapo hapo. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza injini iko wapi.