Usinipakulie Peke Yangu

Nakumbuka adhuhuri moja hapa Kau, mwanangu, nilipomnyemelea babangu mzazi kama mpelelezi. Ndiyo, babu yako. Ningali mbichi, nimeolewa juzi tu, na ulimi wangu ulishinda pilipili.

Baba alikuwa ametoka Mombasa kuzibuliwa mshipa wa moyo. Daktari alimwambia kazi iliyobaki ni yake mwenyewe: ameze vidonge kila siku, atembee, apunguze chumvi na mafuta, la sivyo mshipa utaziba tena. Nikaapa hafi mikononi mwangu. Nikaanza kupika vyungu viwili, kikubwa cha watu na kidogo cha baba, kisicho chumvi wala nazi. Nikawa nampakulia chumbani, sahani yake peke yake, naifunika kawa. Nilijiona binti mwema kuliko wote.

Wiki mbili sahani ikirudi nusu, na vidonge nilivyoviweka kando yake havikuguswa. Jambo hilo likanikaa kichwani. Mtu aliyekiona kifo kwa macho yake, kwa nini asifuate la daktari? Hakuelewa? Mbona karatasi ya daktari alinisomea yeye! Haogopi? Mbona kila akiinuka hujishika kifua!

Ndipo nikamfuata. Alipita kando ya mto, akaingia kwa Mzee Shee, mvuvi jirani yetu. Nikachungulia uani. Wanaume wanne wamezunguka sinia la wali wa nazi na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi tele, na babangu yumo kati yao, anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi. Nami, bila haya, nikamfokea mbele ya wenzake. Alinawa mkono, akatoka.

Shangazi yangu, dada yake baba, alinikuta jikoni nikijisifu.

"Babako hakimbii dawa," akaniambia. "Akimbia kula pekeye. Hapa kwetu hata mgeni tusiyemjua hula siniani. Wewe wamtoa babako, kisha washangaa?"

Aibu niliyoiona siku ile, naiona hata sasa ninapokusimulia. Kesho yake nikapika chungu kimoja: samaki wa kuchemsha, ndimu, tangawizi, chumvi ya kuonja tu. Mume wangu alinuna siku tatu, ati tunalishwa kama wagonjwa. Siku ya nne aliomba aongezwe. Vidonge nikaviweka siniani, kando ya ndimu, na asipovimeza hatunawi mikono. Jioni Mzee Shee akimpitia, wakitembea taratibu kingoni mwa mto, wakibishana njia nzima. Baba aliishi, mwanangu. Alikubeba, akakupa jina.

Mazoea yana taabu, na kuyabadilisha ni taabu zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata leo hujiuliza, moyo wa mtu uko kifuani kweli, au uko kwa watu anaokula nao?

Sasa zamu ni yangu. Juma lililopita nilitoka huko huko Mombasa kuzibuliwa mshipa, na jana ukaniletea sahani ndogo, umeifunika kawa. Najua ni mapenzi, nami nilipenda vivyo hivyo. Basi sikiza nasaha yangu: mgonjwa wa moyo usimwachie amri za daktari azibebe peke yake. Kula anachokula, tembea naye, na dawa zake zikae mbele ya macho yenu nyote.

Mungu akujaalie nyumba isiyopungukiwa na watu, na sinia lisilomwacha mtu nje. Sahani yako nimeirudisha jikoni. Nisogezeeni nafasi, nami nakuja kula.