Plagi ya Nne

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sina muda wa mazimwi. Lakini hili ninalowaambia lilinitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwetu karibu na Nyeri, saa kumi alasiri, nikiwa na akili zangu zote. Usiponiamini, sitakulaumu.

Mama alikuwa ameshikwa na kifua. Alikuwa sebuleni akivuta pumzi kwa shida, midomo imeanza kubadilika rangi. Dereva wa teksi alikataa kupanda huku kwetu kwa sababu ya matope, na pikipiki, mtu wa hali ile angekaaje? Ikabaki pikapu kuukuu aliyotuachia marehemu baba, ambayo baridi ya Julai ikizidi haiwaki. Plagi mpya za injini yake zilikuwa ndani ya droo wiki nzima, zikingoja Jumamosi. Unazijua hizo Jumamosi zetu.

Nikafungua boneti. Plagi tatu ziliingia vizuri. Ya nne, ile ya nyuma kabisa, ikakaa upande. Ukiilazimisha plagi iliyokaa upande unaharibu shimo lake, na hapo gari limekwisha. Nilijua hayo, lakini nilimsikia mama akikohoa, nikashika spana nikaanza kulazimisha huku nikilia.

"Maitu, wacha kulazimisha," mtu akasema kando yangu. "Rudisha nyuma kwanza na vidole. Ukisikia imeanguka mahali yake, sasa kaza."

Ukungu ulikuwa mzito. Niliona kofia, koti la mvua na mikono ya mwanamume yenye grisi, nikadhani ni jirani. Nikarudisha nyuma kwa vidole. Tik. Ikaingia kama kijiko kwenye uji.

"Ngoja," nikamwambia, "nimtoe mama."

Niliporudi nikiwa nimemshika mama, yule mwanamume hakuwepo. Mbwa wetu, ambaye humbwekea hata mchungaji, alikuwa ameketi akitazama getini, akitikisa mkia. Gari likawaka mara ya kwanza. Hospitalini waliniambia tungechelewa kidogo tu, ningerudi peke yangu.

Mama alipopata nafuu nikamsimulia. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo baba humwita maitu, yaani mama yangu. Nikamwambia mama kwamba wazee wengi huwaita wasichana hivyo kwa adabu tu.

"Hiyo ni sawa," akasema. "Lakini hiyo ya kurudisha nyuma kwanza, ni baba yako alikuwa anasema. Ulikuwa na miezi tano akituacha."

Nililia kwa shukrani hadi nesi akaja kuuliza kuna nini. Na mama yuko, namshukuru Mungu. Asubuhi ya leo amenigombeza kuhusu chumvi.

Tangu hapo nimebadilisha plagi mara mbili. Ya nne siigusi. Fundi wa magari kule Majengo hunicheka, ati mwalimu wa hesabu anaishia tatu. Acha acheke.

Nanyi, mtu akija kwenu akawasaidia, mshukuruni hapo hapo, kabla hamjageuka. Mimi baba yangu nimemwona mara moja tu maishani, na neno nililomwambia ni ngoja.