Plasma haiko na mugongo

Weye Pascal mutoto wangu, na bibi yako, muache kunicheka mu WhatsApp!

Leo tulienda ku duka kuchagua plasma, televizyo ya kisasa. Pascal anauliza: "Maman, tubebe ya internet ao ya kawaida?"

Miye nikauliza muuzaji: "Ni gani iko na mugongo?"

Bote bakacheka.

Muuzaji akanijibu kama nyanya yake: "Koko, siku hizi zote ziko plat kama sahani."

Haya. Na picha ya marehemu bwana yangu, yenye ilikaa miaka yote juu ya mugongo wa televizyo ya zamani, itakaa wapi?

Tukarudi ku nyumba, bakafunga plasma ku ukuta. Picha bakaiweka chini, karibu na viatu.

Silii. Sisikii uchungu hata kidogo. Nakaa tu, naangalia viatu.

Pascal, leta musumari. Papa yako apande ku ukuta kwanza, kisha uwashe ile kitu.