Alama Saba kwa Wimbo wa Mwaka Huu

Mzee anayehakiki nyimbo zilizowahi kushika namba moja hapa redioni huchonga penseli kwa wembe kabla ya kila wimbo. Za ujana wake huzichambua akiwa amefumba macho, pumzi kwa pumzi, na wimbo akiuchukia huupa alama mbili kati ya kumi: "Moja ya kuanza, moja ya kuisha." Siku hizi kila dakika ananiambia, "Ongeza sauti, mwanangu," nami fundi mitambo wake naongeza. Leo tulifika kwenye wimbo wa mwaka huu. Alitikisa kichwa kama aliyekolewa na mdundo, akaandika saba. "Huyu kidogo anajua." Ndipo nikaona waya wa hedifoni zake ukining'inia chini ya meza. Nikauchomeka, wimbo ukiwa bado unapiga, sauti juu kabisa. Yeye, hedifoni masikioni, hakushtuka; alianza kuchonga penseli kwa ajili ya wimbo unaofuata.