Pua ya Mama Dengu

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito yasiyotaka kunyesha wala kuondoka, na hewa ilisimama kama maji ya pipani.

Chumba cha Mama Dengu kiko nyuma ya duka la vitambaa, na mgeni hawezi kukifikia mpaka aonyeshwe kichochoro. Hakina bango. Yeye husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndani kuna meza chache, mabenchi, ndoo ya kunawia, na mlango unaoingia jikoni. Wanaokula pale ni madereva, makarani na mafundi, na pia Wahindi wenye maduka ya mtaa wa pili, ambao wangeweza kwenda kwenye hoteli zenye vitambaa vya meza lakini hawaendi. Huko, wanasema, mchuzi umejaa maziwa na rangi. Kwa Mama Dengu sahani ni rahisi kwa kila mtu, na dengu ni dengu.

Upishi huo aliupata ujanani, alipokuwa mfanyakazi katika nyumba ya Wahindi. Bibi wa nyumba ile hakuwa na binti, akamfundisha yeye. Hakumpa vipimo. Alimwambia asimame karibu na kikaango na kunusa. Haradali zikishalia, tia bizari nyembamba. Bizari ikishanukia, tia uwatu. Uwatu ukitaka tu kubadilika rangi, kabla haujawa mchungu, tia mvuje kiasi cha kunyanyua kwa ncha za vidole, kisha mwaga yote juu ya dengu. Mvuje, ule utomvu mkavu wa kusagwa, ukiwa mbichi unanuka vibaya, lakini ukikutana na mafuta ya moto unanukia mpaka barabarani. Mpishi akichelewa kidogo, chungu kizima kimeharibika. Jicho haliwahi. Pua ndiyo inayowahi.

Mwezi uliotangulia Mama Dengu aliugua mafua makali. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, lakini uwezo wa kunusa haukurudi. Alijua siku wifi yake, dada wa marehemu mumewe ambaye huandaa meza na kuosha vyombo, alipoingia jikoni akiuliza ni nini kinachoungua, na yeye amesimama juu ya sufuria ile ile inayoungua. Alimjibu kwamba ni mafuta tu yaliyomwagika. Usiku huo, akiwa peke yake, alinusa kitunguu, sabuni na kopo la mvuje. Vyote vilikuwa kama hewa.

Hakumwambia mtu. Tangu hapo akawa anafunga mlango wa jikoni wakati wa kukaanga viungo, ili asionekane akiinama kusikiliza haradali na kukodoa macho kwenye uwatu. Chumvi na ukwaju ulimi bado uliviona. Mengine alikuwa akibahatisha, na kila sahani iliyotoka ilitoka na roho yake juu. Alichungulia kwenye upenyo wa mlango kuangalia nyuso. Dereva mmoja mtani alimuuliza kama siku hizi anapika kwa simu, yeye mwenyewe akiwa mbali. Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akarudi jikoni na kufunga mlango. Chumba kile ndicho kilichowalisha yeye na wifi yake tangu mume alipofariki. Jina likiharibika, hawana pengine.

Aliyemtisha zaidi ni fundi saa, mzee wa Kihindi anayekula pale kila siku tangu afiwe na mkewe.  Huyo alianza kubakisha chakula kwenye sahani.

Siku moja kabla ya Jumanne hiyo, fundi saa alimwambia kwamba dada yake mkubwa amekuja kutoka ng'ambo. Bibi huyo alikulia hapa, na tangu afike alikuwa amezungushwa jiji zima kutafuta dengu kama ya mama yao. Kila mahali alionja na kusukuma sahani. Kesho, alisema mzee, nitamleta kwako. Mama Dengu alimwambia karibuni sana. Hakulala.

Dengu zilichemka tangu alfajiri kwenye jiko la mkaa kichochoroni, chini ya bati. Kukaanga viungo hufanywa ndani, kwenye gesi, kwa sababu hapo moto unaweza kupandishwa na kushushwa. Asubuhi ile gesi iliisha, na muuzaji akaleta mtungi mwingine. Mama Dengu aliufunga mwenyewe kama alivyofanya miaka yote. Alikaza kichwa cha mpira wa gesi, akafungua koki, akainamisha uso pale penye maungio na kunusa. Hakusikia harufu yoyote. Akaridhika, akaendelea na kazi.

Mtu anayejua kwamba pua yake imekufa aliinusisha mtungi, akaamini jibu. Alipokuwa akinisimulia baadaye, mimi mteja wake wa siku nyingi, alirudia hapo mara nyingi, akitikisa kichwa. Mkono ulizoea, alisema, na akili yote ilikuwa kwa wageni.

Mvua ikashuka. Matone yakawa yanaingia dirishani, akalifunga. Mlango wa jikoni nao ulikuwa umefungwa. Wifi yake alisimama mbele, kwenye mlango wa kichochoroni, akiwatazamia wageni. Mama Dengu alibaki ndani akipanga viungo kwenye visahani na kuomba Mungu. Kichwa kilianza kumuuma. Alidhani ni hofu.

Wageni walifika wamelowa. Wifi akawakalisha, na kutoka jikoni Mama Dengu akasikia sauti ya mwanamke mzee ikiuliza mpishi yuko wapi. Akaweka kikaango juu ya jiko la gesi, akamimina mafuta, akachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ikamponyoka ikaanguka chini. Alipotoa ya pili mlango ukafunguliwa, na yule bibi akasimama pale na mtandio wake. Hakuwa amekaribishwa. Alitaka kuona mvuje unavyotiwa.

 Nimekamatwa, Mama Dengu alijiambia.

Bibi alikuwa ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto aliyepanda juu ya ukuta, "Binti yangu, weka kiberiti chini."

"Nisamehe mama, ndiyo kwanza naanza. Mafuta bado hayajapata moto."

"Kiweke chini. Humu ndani kumejaa gesi. Wewe huisikii?"

Mama Dengu aliitazama njiti iliyokuwa mkononi. Akaiweka mezani polepole, kama yai, akapiga magoti na kufunga koki. Dirisha lilikuwa limekwama, akalisukuma kwa bega mpaka likafunguka. Kisha wote wanne wakatoka. Wifi alimwaga ndoo ya maji juu ya mkaa bila kuambiwa, nao wakavuka barabara na kusimama chini ya baraza la fundi viatu, mvua ikiwapiga miguuni. Hapo ndipo wifi alipomgeukia.

"Wifi, ulikuwa humo ndani asubuhi nzima. Ulikuwa husikii kweli?"

"Sisikii kitu. Tangu yale mafua."

Wifi alipangusa mvua usoni. "Kwa hiyo ungetuchoma sote, na wageni juu yake, ili watu wasijue."

"Nikisema sina pua, nani atakuja kula?"

"Na ukituzika, nani atakuja?" Wifi alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Leo kilio kilishapiga hodi, bado kuitikiwa tu."

 Fundi viatu alimvulia Mama Dengu koti lake. Fundi saa alitazama maji yakipita mferejini, akasema alijua kuna jambo. Dengu ya siku hizi ina chumvi, ina ukwaju, lakini haina mtu ndani. Alidhani ameajiri mpishi mwingine, akaona aibu kuuliza. Na yeye alinyamaza, na wewe ulinyamaza, wifi alimwambia, basi tungekufa kwa adabu.

Jikoni kulipokwisha kupata hewa, bibi alisema hakuja kutoka mbali hivyo ili arudi na njaa. Mkaa mwingine ukawashwa kichochoroni na kikaango kikaletwa. Bibi akaketi kwenye kigoda upande mmoja, wifi upande wa pili, na Mama Dengu katikati na kijiko. Haradali zikalia, akatia bizari. Kisha uwatu. Alikuwa akitazama uso wa bibi, si kikaango. "Bado," bibi alisema. "Bado. Haya." Mvuje ukaingia. Wifi alivuta pumzi ndefu na kufumba macho, na Mama Dengu akajua kwa kumtazama kwamba umenukia.

Bibi alikula akaongezwa. Alisema uwatu ulizidi nukta moja, na kwamba hilo ni kosa la aliyesema "haya", si la aliyeshika kijiko. Fundi saa hakubakisha. Mama Dengu alikaa nao. Mteja mmoja aliyefika baadaye alipowasha sigara kwenye benchi, Mama Dengu aliruka mpaka kikombe kikaanguka.

Jioni wifi alimwambia ataendelea kufanya naye kazi kwa sharti moja: mlango wa jikoni ung'olewe.

Asubuhi yake mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani kichochoroni. Mama Dengu alikoroga sabuni kwenye maji, akaipaka kwenye maungio ya mtungi, akainama kutazama kama kuna povu linalofura. Hakuna. Akamwita wifi anuse. Wifi akanusa, akasema salama. Akamwomba anuse tena, pembeni, chini ya meza, penye dirisha. Wifi akasema salama, wifi, washa. Mama Dengu alimshika mkono, akamtoa nje, akamvusha barabara na kumsimamisha kwenye baraza la fundi viatu. Kisha akarudi ndani peke yake, akawasha.